Majibu ya vipimo vya jeni: Karatasi ya saratani ya damu inasema nini, na haisemi nini

Familia moja ya Mafubira, kaskazini mwa jiji la Jinja, ilikaribia kuuza shamba lake la miwa kwa sababu ya neno moja lililoandikwa kwa Kiingereza katika karatasi ya maabara. Baba wa familia hiyo, mzee wa miaka 68, alikuwa amekwenda hospitali kufanyiwa matayarisho ya upasuaji wa ngiri. Kipimo cha kawaida cha damu kikaonyesha kwamba chembe zake nyeupe zimezidi kiasi. Miezi michache baadaye, baada ya sampuli yake kusafirishwa nje ya nchi, alirudishiwa kurasa mbili zenye herufi, tarakimu na mabano, pamoja na jina la ugonjwa: lukemia sugu ya limfositi, aina ya saratani ya damu inayokwenda polepole.

Binti yake alisoma mstari uliosema kwamba sehemu ya kromosomu ya 13 imefutwa, akalia. Kijana wake wa kiume alisoma mstari mwingine uliosema kwamba jeni iitwayo IGHV haijabadilika, akafurahi. Wakanijia kwa kuwa wanafahamu kazi yangu ni kutafsiri habari. "Ndugu yangu," alisema kijana, "hapa wameandika haijabadilika. Si maana yake ugonjwa haujaenda mbali?" Dada yake alitaka kujua jambo moja tu: je, wauze shamba sasa ili mzee apelekwe India kabla ya mwezi kwisha?

Mimi si daktari, nami niliwaambia hivyo. Hata hivyo, nilipoziuliza kamusi na vitabu vya tiba, nilibaini kwamba wote wawili walikuwa wameelewa kinyume. Mstari uliomliza binti ndio uliokuwa na habari njema zaidi katika karatasi ile. Mstari uliomfurahisha kijana ndio uliokuwa na onyo. Na mstari wa tatu, ambao hakuna aliyeuangalia, ndio uliokuwa na uzito kuliko yote miwili.

Makala haya yanaeleza kwa nini karatasi za namna hii hupotosha, zinavyopaswa kusomwa, na kwa nini usomaji wake katika Uganda una mambo yake ya pekee.

Ugonjwa wenyewe

Limfositi ni mojawapo ya aina za chembe nyeupe za damu. Kazi yake ni kinga ya mwili: baadhi yake, ziitwazo limfositi B, hutengeneza kingamwili zinazopambana na vijidudu. Katika lukemia sugu ya limfositi, limfositi B moja hupata hitilafu, ikajizalisha bila kikomo, na nakala zake zikakataa kufa kwa wakati wake. Nakala hizo hujaa katika damu, katika uboho wa mifupa, katika tezi na katika wengu.

Neno "sugu" hapa halimaanishi kwamba dawa haifai. Linamaanisha kwamba ugonjwa huu hukaa muda mrefu. Wapo wagonjwa wanaoishi nao miaka mingi bila kutumia kidonge hata kimoja, na hatimaye wakafa kwa sababu nyingine. Wapo pia ambao hali yao huharibika katika kipindi cha miaka miwili au mitatu. Ugonjwa una jina moja, lakini njia zake ni nyingi, na hiyo ndiyo sababu ya madaktari kutafuta alama za kuwasaidia kukadiria ni njia ipi mgonjwa fulani ataifuata.

Alama za kwanza hazikuhitaji maabara kubwa. Mwaka 1975 Kanti Rai na wenzake nchini Marekani, na mwaka 1981 Jacques-Louis Binet na wenzake nchini Ufaransa, walipendekeza hatua za ugonjwa zinazotegemea mikono ya daktari na kipimo cha kawaida cha damu. Je, tezi za shingoni, kwapani na kinenani zimevimba? Je, wengu na ini vimekua? Je, damu imepungua? Je, chembe sahani zinazogandisha damu zimepungua? Maswali hayo bado yanatumika hadi leo, na yanaweza kujibiwa katika hospitali ya rufaa ya Jinja au ya Mbale bila kusafirisha sampuli kokote. Vipimo vya jeni vilikuja baadaye kuongeza nuru. Havikuja kuondoa maswali hayo.

"Kufutwa" si lazima kuwe kubaya

Kila seli ya mwili ina kromosomu 46, ambazo ni kama vitabu vyenye maagizo ya mwili. Kipimo kiitwacho FISH hutumia rangi zinazong'aa ili kuonyesha kama kuna ukurasa uliong'oka au uliozidi katika vitabu vya seli za saratani. Mwaka 2000 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Hartmut Döhner walichapisha matokeo ya wagonjwa 325. Asilimia 82 kati yao walikuwa na hitilafu ya aina fulani katika kromosomu.

Walichogundua ni kwamba hitilafu hizo hazilingani kwa uzito. Waliopoteza kipande cha kromosomu ya 13 peke yake, bila hitilafu nyingine, ndio walioishi muda mrefu zaidi: nusu yao walikuwa bado hai baada ya miezi 133, yaani miaka 11. Walikuwa na mwelekeo mzuri hata kuliko wale ambao kromosomu zao hazikuonyesha kasoro yoyote, ambao kwao muda huo ulikuwa miezi 111. Waliokuwa na kromosomu ya 12 ya ziada walikuwa na miezi 114. Waliopoteza kipande cha kromosomu ya 11 walikuwa na miezi 79. Na waliopoteza kipande cha mkono mfupi wa kromosomu ya 17 walikuwa na miezi 32 tu.

Kwa hiyo neno "kufutwa" peke yake halina habari. Habari iko katika namba inayolifuata. Kufutwa katika 13 ni jambo moja, kufutwa katika 17 ni jambo jingine kabisa. Sababu ni kwamba katika kromosomu ya 17 ndiko inakokaa jeni ya TP53, ambayo ni kama mlinzi wa zamu: ikiona seli imeharibika, huiamuru ijirekebishe au ife. Dawa nyingi za zamani za saratani hutegemea mlinzi huyo. Dawa huiharibu seli, na mlinzi huikamilishia kazi kwa kuiua. Mlinzi akiwa hayupo, dawa hupiga na seli haifi.

"Haijabadilika" si habari njema

Sasa tuje kwenye mstari uliomfurahisha kijana wetu. Katika lugha ya mitaani, mabadiliko ya jeni ni jambo la kutisha, na kutokubadilika ni salama. Katika jeni ya IGHV, mambo ni kinyume.

Limfositi B yenye afya, inapokutana na kijidudu, huingia ndani ya tezi na kupata kile tunachoweza kukiita mafunzo. Huko hubadilisha makusudi sehemu ya jeni zake, mojawapo ikiwa IGHV, ili kingamwili yake ishike kijidudu vizuri zaidi. Mabadiliko haya ni kazi ya kawaida ya mwili. Ikiwa saratani ilianzia katika seli iliyokwisha kupitia mafunzo hayo, jeni hiyo huonekana imebadilika, na ugonjwa kwa kawaida huenda taratibu. Ikiwa ilianzia katika seli ambayo haikupitia mafunzo, jeni hubaki ilivyozaliwa, na ugonjwa kwa kawaida huwa mwepesi kuchochewa na huenda kwa kasi zaidi.

Tafiti mbili za mwaka 1999, moja ya Marekani na nyingine ya Uingereza, ndizo zilizothibitisha tofauti hiyo. Katika ule wa Uingereza, ulioongozwa na Terry Hamblin, wagonjwa waliogunduliwa katika hatua ya mwanzo na ambao jeni yao haikubadilika walikuwa na muda wa kati wa kuishi wa miezi 95. Wale ambao jeni yao ilibadilika walikuwa na miezi 293.

Maabara hupima jambo hili kwa asilimia. Hulinganisha jeni ya mgonjwa na jeni asilia. Zikifanana kwa asilimia 98 au zaidi, huandikwa kwamba haijabadilika. Zikifanana chini ya hapo, huandikwa kwamba imebadilika. Mgonjwa anayeona "asilimia 99" katika karatasi yake anaweza kudhani amefaulu mtihani, kumbe hapa alama ya juu ndiyo yenye onyo. Jambo moja la kutuliza ni kwamba jibu hili halibadiliki katika maisha ya mgonjwa. Likishapimwa vizuri mara moja, hakuna haja ya kulipia tena.

"Haikuonekana" na "haikupimwa"

Mstari wa tatu wa karatasi ya mzee ulihusu TP53. Kipimo cha FISH kilisema kwamba kromosomu ya 17 haikupoteza kipande. Chini yake, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba usomaji wa herufi za jeni ya TP53 haukufanyika.

Haya ni mambo mawili tofauti. Kipimo cha FISH huona ukurasa mzima ukikosekana. Hakioni neno moja lililokosewa ndani ya ukurasa uliopo. Baadhi ya wagonjwa wana kromosomu ya 17 iliyo kamili kwa macho ya FISH, huku jeni ya TP53 ndani yake ikiwa na kosa la herufi linaloifanya isifanye kazi. Kwao, mlinzi yupo kazini kwa jina tu. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa inataka vipimo vyote viwili vifanyike kabla ya mgonjwa kuanza dawa.

Katika kazi ya habari tunajua tofauti kati ya kusema "hakuna aliyejeruhiwa" na kusema "hatujapata taarifa za majeruhi". Karatasi ya maabara inastahili kusomwa kwa uangalifu uleule. Mstari usiojazwa haupaswi kusomwa kama mstari wenye jibu zuri.

Hesabu ya alama

Mwaka 2016 kundi la watafiti wa nchi kadhaa lilikusanya takwimu za wagonjwa 3,472 waliokuwa katika majaribio ya tiba ya Ulaya na Marekani, likatengeneza kipimo cha alama kiitwacho CLL-IPI. Hitilafu ya TP53, iwe ya kufutwa au ya kosa la herufi, ina alama 4. IGHV isiyobadilika ina alama 2. Kiwango cha juu cha protini ya damu iitwayo beta-2 mikroglobulini kina alama 2. Ugonjwa uliovuka hatua ya mwanzo una alama 1. Umri wa zaidi ya miaka 65 una alama 1.

Alama 0 hadi 1 ni hatari ndogo: baada ya miaka 5, asilimia 93.2 ya wagonjwa wa kundi hilo walikuwa hai. Alama 2 hadi 3 ni hatari ya kati, asilimia 79.3. Alama 4 hadi 6 ni hatari kubwa, asilimia 63.3. Alama 7 hadi 10 ni hatari kubwa mno, asilimia 23.3.

Tumhesabie mzee wa Mafubira. Umri wake unampa 1. IGHV isiyobadilika inampa 2. Ugonjwa wake uko hatua ya mwanzo kabisa, kwa hiyo hapo hapati kitu. Kufutwa kwa kipande cha kromosomu ya 13, jambo lililomliza binti yake, hakumo katika hesabu hata kidogo. Jumla ni 3, hatari ya kati. Lakini jumla hiyo inachukulia kwamba TP53 ni nzima na kwamba protini ya damu iko chini, na yote mawili hayakupimwa. Protini ikiwa juu, jumla itakuwa 5. TP53 ikiwa na kosa, jumla itakuwa 7, au 9 yakikutana yote mawili. Mzee yuleyule, damu ileile, anaweza kuwa katika kundi lolote kati ya matatu, kutegemea mistari ambayo haikujazwa.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Familia ilikuwa tayari kuuza chanzo chake cha riziki kwa kutegemea karatasi ambayo haikuwa imekamilika.

Takwimu za nani?

Msomaji makini atauliza: wagonjwa hao 325, na hao 3,472, walikuwa akina nani? Karibu wote walikuwa wakazi wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Je, namba zao zinamhusu mkulima wa Busoga?

Uganda si ngeni katika historia ya saratani za limfu. Ni katika hospitali ya Mulago ambako daktari mpasuaji Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya kwa watoto ambao leo unabeba jina lake, na utafiti wa uvimbe huo ndio uliosaidia ulimwengu kuelewa jinsi kipande cha kromosomu kinavyoweza kuhama na kuwasha saratani. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, ni tunda la kazi ya zama hizo. Lakini kuhusu limfositi za watu wazima, taarifa za kwetu ni chache.

Utafiti mmoja unastahili kutajwa. Mwaka 2017 jarida la Lancet Haematology lilichapisha kazi ya watafiti wa Leeds, Uingereza, na wenzao wa Uganda. Walilinganisha watu wazima 302 wa eneo la mashambani nchini Uganda na 302 wa Uingereza, wakitafuta katika damu yao vikundi vidogo vya limfositi B vilivyotokana na seli moja, hali ambayo mara chache huweza kutangulia lukemia. Vikundi hivyo vilipatikana kwa asilimia 14 ya Waganda na asilimia 8 ya Waingereza. Lakini vyenye sura ya lukemia sugu ya limfositi vilikuwa asilimia 1 tu kwa Waganda, dhidi ya asilimia 7 kwa Waingereza. Vingi vya Waganda vilikuwa vya aina nyingine, visivyokuwa na alama ya CD5 juu ya seli, ambayo ni mojawapo ya vitambulisho vya lukemia hii.

Maana yake ni nzito. Limfositi zikizidi katika damu ya Mganda, haifai kukimbilia hitimisho ambalo daktari wa London angelifikia. Kuna pia malaria. Tangu miaka ya 1960 madaktari wa Mulago walichunguza wagonjwa wenye wengu mkubwa kupita kiasi, na ikaja kufahamika kwamba wengi wao walikuwa na mwitikio uliopindukia wa kinga dhidi ya malaria ya mara kwa mara. Baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo huwa na limfositi nyingi, na kwa haraka huweza kudhaniwa wana saratani. Tofauti ni kwamba wengu wao hupungua wakitumia dawa za kuzuia malaria kwa miezi mingi. Mwaka 1991 watafiti waliofanya kazi nchini Ghana walionyesha kuwa kipimo cha jeni za limfositi kinaweza kusaidia kutenganisha hali hizo mbili.

Kwa mkazi wa Jinja, mji wa kando ya ziwa na mto ambako mbu hawakosekani, swali la kwanza haliwezi kuwa "jeni zinasema nini?" Linapaswa kuwa "je, ugonjwa wenyewe umethibitishwa?" Uthibitisho huo unahitaji kipimo cha mashine inayosoma alama zilizo juu ya seli, na limfositi ziwe zimebaki juu kwa miezi 3 au zaidi. Kumpima jeni za ubashiri mtu ambaye ugonjwa wake haujathibitishwa ni kama kuuliza gari litafika Mbale saa ngapi kabla ya kujua kama lilishika barabara ya Mbale au ya Kamuli.

Dawa hubadilisha maana ya namba

Namba za mwaka 2000 zilitoka katika zama ambazo tiba ilikuwa dawa za kemikali tu. Tangu mwaka 2014, dawa za vidonge zinazolenga mitambo ya ndani ya seli, ya kwanza ikiwa ibrutinib, zilianza kuidhinishwa nchini Marekani kwa ugonjwa huu, na mwaka 2016 ikafuata venetoclax. Dawa hizi hazimtegemei mlinzi TP53. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 34 wenye hitilafu ya TP53 walioanza tiba yao ya kwanza kwa ibrutinib walifuatiliwa, na asilimia 79 walikadiriwa kuwa hai baada ya miaka 6. Linganisha na miezi 32 ya zama zilizopita.

Kwa upande mwingine, mchanganyiko wa dawa za fludarabine, cyclophosphamide na rituximab uliwapa baadhi ya wenye IGHV iliyobadilika nafuu ya muda mrefu ajabu. Katika jaribio la kwanza la mchanganyiko huo huko Texas, lililokuwa na wagonjwa 300, asilimia 53.9 ya wenye jeni iliyobadilika walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa baada ya miaka 12.8. Kwa wenye jeni isiyobadilika ilikuwa asilimia 8.7.

Kwa hiyo kipimo cha jeni hakisemi tu mtu ataishi miaka mingapi. Kazi yake kubwa ni kusema ni dawa ipi itamfaa na ipi itamchosha bure. Hapa ndipo linapojitokeza swali gumu kwa nchi zetu. Shirika la Afya Duniani liliiingiza ibrutinib katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, lakini kuwamo katika orodha hakumaanishi kuwamo katika duka la dawa, wala kuwa na bei ambayo mkulima anaimudu. Mgonjwa anayeambiwa kwamba dawa za kemikali hazitamfaa, huku vidonge vinavyomfaa viko mbali na uwezo wake, amepewa ukweli bila njia.

Wapo wanaosema kwamba kama dawa haipo, kipimo hakina maana. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijakamilika. Kumwepusha mzee na sindano zitakazomdhoofisha bila faida ni tiba pia. Na nchi isiyopima haiwezi kujua ina wagonjwa wangapi wanaohitaji dawa hizo, wala haiwezi kwenda kwa watengenezaji ikiwa na hesabu mkononi ili kudai bei nafuu.

Kungoja si kuachwa

Jambo lililokuwa gumu zaidi kwa familia ya Mafubira kulikubali halikuhusu jeni. Lilihusu kungoja. Katika lukemia hii, mgonjwa wa hatua ya mwanzo asiye na dalili hapewi dawa, hata kama jeni zake zina onyo. Wagonjwa wa namna hiyo nchini Ufaransa walipopewa dawa ya chlorambucil mapema, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba hawakuishi zaidi ya wale waliongojewa. Dawa huanza pale damu inapopungua, tezi au wengu vinapokua sana, mgonjwa anapokonda bila sababu, anapotoka jasho la usiku au kupata homa isiyo na chanzo, au limfositi zinapoongezeka maradufu kwa muda mfupi.

Kungoja huku kuna kazi yake. Ni kupimwa damu kila baada ya miezi kadhaa, kuchunguzwa tezi na wengu, kupata chanjo zinazofaa, na kuwahi hospitali homa inapoingia, kwa kuwa kinga ya mgonjwa huyu ni dhaifu. Mengi ya hayo yanaweza kufanyika Jinja, bila kwenda Kampala kila mara, safari ya takriban kilomita 80.

Jeni si laana ya ukoo

Neno "jeni" limezusha hofu nyingine. Binti wa mzee aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama na yeye anayo, na kama watoto wake watakuwa nayo. Jibu linapaswa kusemwa wazi. Hitilafu hizi za kromosomu ya 13, 11, 12 au 17 zimo ndani ya seli za saratani tu. Mzee hakuzaliwa nazo, na hakuwarithisha watoto wake. Ni kweli kwamba ndugu wa karibu wa wagonjwa wana uwezekano ulioongezeka wa kupata ugonjwa huu, lakini wengi mno hawaupati kamwe, na hakuna sababu ya kuwapima watoto wasio na dalili. Hakuna posa ya kuvunjwa wala jirani wa kushukiwa.

Maswali ya kwenda nayo kwa daktari

Familia ile haikuuza shamba. Walirudi kwa daktari wakiwa na maswali yaliyoandikwa, na mzee sasa yuko katika kipindi cha kuangaliwa. Kwa msomaji ambaye anaweza kujikuta na karatasi ya namna ile, maswali hayo ni haya.

Je, ugonjwa umethibitishwa kwa alama za seli, na malaria imeondolewa katika hesabu? Ugonjwa uko hatua gani leo, kwa mikono ya daktari na kwa kipimo cha kawaida cha damu? Kama kuna kipande kilichofutwa, ni cha kromosomu namba ngapi, na kiko peke yake? IGHV imebadilika au la? TP53 imepimwa kwa njia zote mbili, au kwa moja tu? Ni mistari ipi ambayo haikupimwa? Je, kuna sababu ya kuanza dawa sasa, na kama hakuna, tutaonana lini tena? Na itakapofika siku ya kuanza dawa, je, kipimo cha TP53 kitarudiwa? Swali hilo la mwisho ni la lazima, kwa kuwa tofauti na IGHV, hitilafu ya TP53 inaweza kujitokeza baadaye, hata kwa mtu ambaye hapo awali hakuwa nayo.

Inabaki hoja moja inayozihusu hospitali na serikali. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na katika Jinja wapo maelfu ambao lugha ya nyumbani ni Kiswahili au Lusoga, si Kiingereza cha maabara. Gharama ya kuambatisha ukurasa mmoja wa maelezo kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kipimo chenyewe. Familia moja ilipata mtu wa kuisomea karatasi yake kwa kuwa ilimfahamu mtafsiri wa habari. Hilo halipaswi kuwa sharti la mtu kuelewa ugonjwa wake.